Kisu cha kufuliwa kwa mkono kikikusumbua kazini: dalili, chanzo na dawa yake

Kisu kikigoma kazini, lawama ya kwanza huangukia chuma. Mtu atasema chuma ni laini, kisha atakivamia kinoo na kusugua kwa hasira mpaka bapa lipungue bure. Mara nyingi chuma hakina kosa lolote. Kosa liko kwenye pembe ya makali, kwenye unene wa bapa, kwenye ala iliyonyonya jasho, au kwenye kazi ambayo kisu hakikutengenezewa.

Hapa nazungumzia kisu kisichokunjwa, kilichotengenezwa na fundi kwa mkono, kinachokaa kiunoni tangu asubuhi hadi jioni na kutumika kwa kila kitu: kukata kamba, kufungua maboksi, kukata mikanda ya plastiki ya mizigo, kuchonga vigingi, kukwangua gundi kavu. Kisu cha namna hii hakina pacha. Viwili vya fundi yule yule, vilivyotoka kwenye moto mmoja, vinaweza kupishana ugumu na unene, kwa hiyo dawa iliyokifaa kisu cha mwenzako inaweza kukiharibu chako. Ndiyo sababu ukaguzi hutangulia kunoa.

Kagua kabla ya kugusa kinoo

Shika kisu makali yakiwa juu, chini ya taa moja yenye mwanga mkali, ukikiinamisha kidogo kidogo huku na huku. Makali mazima hayaonekani, kwa kuwa hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa, hapo pamebutuka. Ukiona vidoa vya mwanga vilivyotengana, hayo ni mapengo au sehemu zilizolala upande.

Kisha pitisha ukucha taratibu kwenye bapa kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa urefu wake. Ukucha ukiteleza upande mmoja na kukwama upande wa pili, kuna uzi mwembamba wa chuma uliokunjamana kwenye makali. Malizia kwa kutazama mahali mpini unapokutana na chuma, na uchungulie ndani ya ala. Ukishajua unachokiona, nenda kwenye dalili inayofanana na yako.

Kinanyoa nywele, lakini kwenye kazi kinabanwa

Hili ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu majaribio yote ya makali yanafaulu. Karatasi inakatika vizuri, nywele za mkono zinanyolewa, lakini ukikiingiza kwenye boksi nene kinaenda kidogo kisha kinagota. Boksi linachanika badala ya kukatika. Ukichonga mti, unapasuka mbele ya makali na mchongo unakwenda kombo.

Makali hufanya kazi ya mwanzo tu. Yakishaingia, kinachopigania njia ni unene wa chuma ulio nyuma yake. Ukiwa na kalipa, pima unene pale mteremko wa makali, yaani ule ukanda mwembamba ulionolewa, unapoanzia. Kisu cha kazi nyepesi chenye milimita 0.3 hadi 0.5 mahali hapo hupita bila taabu. Kinachogongana na miti migumu kinaweza kubaki na 0.6 au 0.8. Kikifika milimita 1, kinapasua zaidi ya kukata, hata kama kimenolewa na malaika. Kama huna kalipa, tazama upana wa ule mteremko unaong'aa. Kwa pembe ya digrii 20 kila upande, mteremko wenye upana wa milimita 1.5 maana yake ni unene wa milimita 1 nyuma yake.

Unene huu una vyanzo viwili. Cha kwanza ni fundi mwenyewe. Wapo wanaoacha kisu kinene kwa hofu ya kurudishiwa kimevunjika, na mimi siwalaumu sana, maana mteja akishapewa kisu hakosi kukifanya mtaimbo. Cha pili ni umri. Bapa ni jembamba chini na nene juu, kwa hiyo kila unaponoa kwa pembe ile ile makali yanapanda kuelekea kwenye unene. Baada ya miaka, kisu kilichokuwa kinapita kama kawaida kinaanza kugota, na mwenyewe anaapa kwamba hajabadilisha kitu. Kweli hajabadilisha, na ndilo tatizo.

Dawa ni kupunguza mabega, yaani ile kona ambapo mteremko wa makali unakutana na bapa. Tumia jiwe la kukwaruza, namba 220 hadi 400, ukilaza kisu karibu kabisa na jiwe, digrii 8 hadi 10 hivi. Paka wino wa maka peni kwenye bapa ili uone jiwe linagusa wapi. Sugua pande zote mbili kwa usawa hadi mteremko wa makali ubaki mstari mwembamba, kisha ndipo unoe makali mapya kwa pembe ya kawaida. Ni kazi ya jioni nzima. Usijaribu kuifupisha kwa grenda kavu, kwa sababu nitakazozieleza mbele kidogo. Ukimpelekea fundi, usimwambie "ninolee," maana atakunolea tu. Mwambie apunguze unene nyuma ya makali.

Kuna kesi nyingine inayofanana na hii lakini ni nyepesi zaidi: kisu kinachoteleza juu ya kamba. Makali yaliyosuguliwa kwa jiwe laini mno, namba 3000 na kuendelea, yanang'aa vizuri na kusukuma mti vizuri, ila kwenye kamba ya katani au mkanda wa nailoni yanakosa meno ya kushikia. Kama kazi yako ni kamba zaidi ya mbao, ishia namba 600 au 1000. Wapenda visu watakucheka. Waache.

Kinabutuka upesi mno

Anza na chanzo cha bei rahisi, umalizie na kinachohitaji fundi.

Kisu kilichokuwa kikali ajabu ukimaliza kunoa, kisha kikafa baada ya mikato michache, karibu kila mara kiliachwa na ule uzi wa chuma. Uzi huo ni mwembamba na mkali, ndiyo maana unadanganya. Ukikutana na kazi unakunjika na kufunika makali halisi. Rudi kwenye jiwe lile lile ulilomalizia, pitisha kisu kwa shinikizo dogo kabisa, upande huu mara moja na ule mara moja, kwa zamu, ukiendelea kupunguza nguvu. Kisha kivute kwenye kipande cha ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Kagua tena kwa ukucha.

Chanzo cha pili ni pembe iliyo nyembamba kuliko kazi. Kwa kisu cha kiunoni, digrii 20 kila upande ni pa kuanzia, na 22 hadi 25 kama kinapiga vifundo vya miti. Huhitaji kifaa cha kupimia. Inua mgongo wa kisu kutoka kwenye jiwe kwa kiasi cha theluthi moja ya upana wa bapa, na utakuwa umefika digrii 19 na nusu hivi. Bapa la milimita 30, inua 10. Ukiinua robo ya upana unapata 14 na nusu, ambayo ni pembe ya kisu cha jikoni na si ya kisu kinachokata mikanda ya mizigo. Na kile kinoleo cha kuvutia kisu kwenye mfereji wenye umbo la V, chenye vipande viwili vya chuma kigumu, kinang'oa makali zaidi ya kuyanoa na kinakulazimisha pembe yake. Kwenye kisu kilichofuliwa kwa mkono sikitaki kabisa.

Cha tatu ni unakokatia. Boksi lenyewe linakula makali, kwa sababu karatasi ngumu hubeba vumbi na madini. Hilo huna budi kulivumilia. Lakini makali yakigota kwenye sakafu ya zege, bati, sahani au kioo kila unapomaliza mkato, hakuna chuma kitakachokusaidia. Weka ubao chini.

Cha nne ni makali yaliyoungua. Hapa ndipo grenda inapoingia. Kisu kikishapashwa moto na kupozwa ghafla huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa hiyo fundi hukirudisha kwenye joto la wastani, kama nyuzi joto 200 kwa chuma cha kaboni, ili kipungue ukali wa ugumu wake na kupata ustahimilivu. Joto hilo likizidishwa baadaye, ugumu unaondoka na haurudi kwa kupoza. Kwenye ukingo mwembamba wa makali grenda inaweza kuzidisha joto hilo kufumba na kufumbua. Rangi ndiyo shahidi: manjano hafifu ni nyuzi joto 220 hivi, zambarau ni 280, na buluu inakaribia 300. Ukiona kivuli cha buluu kwenye makali, hapo chuma kimelainika. Tatizo ni kwamba rangi hiyo hufutika kwa msasa, kwa hiyo kisu kipya kinaweza kuwa kimeungua na kikaonekana kisafi. Dawa ni uvumilivu. Noa kwa mkono na maji mara kadhaa, ukiondoa chuma kwa kweli. Kikianza kushika makali vizuri zaidi kila unaponoa, basi safu iliyoungua inaisha na umefika kwenye chuma kizuri. Wengi huuza kisu kizuri kwa bei ya kutupa kabla ya kufika hapo.

Ukimaliza hayo yote na bado kinabutuka, ndipo useme chuma ni laini, na hata hapo upime kwanza. Chukua tupa nzuri, ikwaruze taratibu karibu na makali upande wa mpini, mahali usipopatumia sana. Tupa ikiteleza bila kushika, chuma ni kigumu. Ikizama na kutoa unga kwa urahisi, kama inavyofanya kwenye msumari wa kawaida, chuma hakikuiva. Usipime kwenye mgongo: mafundi wengi huuacha laini makusudi ili kisu kisivunjike, na utamshutumu mtu bure.

Ujue pia kisu kimetokana na nini. Springi za gari hutumika sana na wahunzi. Kaboni yake ni kama asilimia 0.6, na kisu chake ni kigumu kuvunja ila huomba kinoo mapema kuliko kisu kilichotokana na tupa kuukuu, ambayo kaboni yake hufika asilimia 1 au kuzidi kidogo. Huo si ubovu. Ukitaka kisu cha kushindilia, chukua springi; ukitaka makali ya kudumu, chukua tupa iliyorudishiwa moto vizuri.

Makali yanakunjika, au yanatoa mapengo

Mambo mawili haya yanafanana kwa mbali lakini yana vyanzo vinavyopingana, kwa hiyo yatenganishe. Kukunjika ni chuma kulala upande: ukucha unakwama upande mmoja, hakuna kilichopotea. Pengo ni chuma kilichoondoka, na ukucha unaanguka ndani ya tundu.

Fimbo nyembamba ya shaba itakwambia ukweli. Bana fimbo, laza makali juu yake kwa pembe ya kunolea, kandamiza mpaka uone ukingo ukibonyea kidogo, kisha usogee. Ukingo ukirudi ulivyokuwa, kisu kiko sawa. Ukibaki umebonyea, ni laini au mwembamba mno. Ukimeguka, ni kigumu mno.

Kilichokunjika, kiongezee digrii 2 au 3 za pembe kabla ya kufikiria jambo lingine. Kilichomeguka, fanya vivyo hivyo na ujiulize kwanza kama hukukigonga kwenye msumari uliojificha ndani ya mbao au hukukizungusha kikiwa kimebanwa. Kama kinameguka kwenye kazi ya kawaida kabisa hata kwa digrii 25, hakikurudishiwa moto wa kutosha na kinapaswa kurudi kwa fundi. Mpini utang'olewa, maana hakuna namna ya kukirudisha motoni ukiwa umebaki.

Ncha imevunjika, au kuna ufa

Ncha huvunjika kwa kubandulia. Kifuniko cha ndoo, msumari, ubao uliogandamana: hizo ni kazi za bisibisi bapa au mtaimbo. Ukitengeneza ncha upya, saga upande wa mgongo ukishuka kukutana na makali, wala usisage makali yenyewe. Kwa njia hiyo unapoteza urefu kidogo na mstari wa makali unabaki. Chovya kwenye maji kila baada ya mpito mmoja, na shika bapa kwa mkono usio na glavu ili vidole vikwambie joto linapopanda.

Kisu kikikatika chote, tazama sehemu iliyokatika kabla ya kutupa. Ikiwa ni ya kijivu, laini na isiyometameta, chuma kilipashwa vizuri, na huenda kisu kilizidiwa tu. Ikiwa imejaa chembe kubwa zinazometa kama sukari, kilipikwa kupita kiasi kabla ya kupozwa, na hicho kilikuwa kitavunjika siku moja hata ukikitunza. Kikikatikia penye mpini, tazama kona ya ndani pale bapa linapogeuka kuingia kwenye mpini. Kona iliyokatwa kwa msumeno ikabaki kali hukusanya nguvu zote mahali pamoja; inapaswa kuwa ya mviringo, na fundi ukimwonyesha ataelewa bila hotuba.

Ufa usioonekana kwa macho unapatikana kwa mafuta ya taa na chaki. Paka mafuta ya taa bapa lote, yaache yapenye kwa saa moja hivi, futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Kisu chenye mstari huo hakirudi kiunoni. Ufa hauchomelewi na haugundishwi.

Kimeingia kutu

Siyo kila doa ni kutu ya kuogopa. Chuma cha kaboni kikigusana na matunda, siki au damu hupata utando wa kijivu au buluu-nyeusi unaokaa na kusaidia kidogo kuzuia kutu nyingine. Uache. Nyekundu au rangi ya machungwa, inayobaki kwenye kidole ukisugua, ndiyo adui. Isugue kwa mafuta na msasa namba 600 au zaidi, ukienda mwelekeo mmoja na mikwaruzo ya fundi.

Kisu kinacholala ndani ya ala ya ngozi usiku kucha, mchana kikiwa kimevaliwa kwenye jasho, kitapata kutu hata ukikipaka mafuta. Ngozi hunyonya maji na chumvi na kuvishikilia kwenye chuma, na ngozi iliyotiwa dawa za kromu ina chumvi zake pia. Kazi ikiisha, toa kisu, kifute, kikae nje ya ala. Jambo hili moja linatibu visa vingi kuliko mafuta yote. Na ukiona kisu kinabutuka kikiwa kimelala tu bila kutumika, ni kutu hiyo hiyo: inakula ukingo mwembamba kabla ya kuonekana kwenye bapa. Chuma kisichopata kutu, chenye kromu zaidi ya asilimia 10.5, hakijapewa msamaha wa milele pia. Maji ya chumvi yakikaa humo kitatoboka vidoa.

Mpini

Mbao hunywea kwenye ukavu na kuvimba kwenye unyevu, chuma hakifanyi hivyo. Ndiyo maana ribiti zilizokuwa sawasawa na mbao zinaanza kutokeza na kukwaruza kiganja. Zisugue kwa msasa pamoja na mbao, kisha upake mafuta ya kitani kwa tabaka nyembamba. Kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa pembeni: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichofungana kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji.

Mwanya mdogo kati ya mbao na chuma unaweza kuzibwa kwa supaglu nyepesi inayojipenyeza yenyewe, baada ya kuhakikisha ndani pamekauka. Mpini unaocheza ni suala lingine. Gundi ya epoksi ya kawaida hulegea joto likifika nyuzi 60 hadi 80, na ndani ya gari lililofungwa juani chuma cheusi kinaweza kukaribia hapo. Mpini uliocheza mara moja hauaminiki kwa kuupaka gundi juu juu; ufunguliwe, kutu iliyo ndani isafishwe, ugundishwe upya na ribiti mpya.

Malengelenge mkononi husababishwa na kona. Fanya kazi nusu saa, tazama ngozi ilipopata wekundu, weka alama ya penseli mahali hapo kwenye mpini na upazungushe kwa msasa namba 120, umalizie na 220. Fundi hakuwa na kiganja chako alipotengeneza, kwa hiyo usimwonee haya. Kama kisu kinajizungusha mkononi, mpini ni wa duara mno. Umbo la yai hukwambia makali yako wapi hata gizani. Na mkono ukiteleza mbele kuelekea makali wakati wa kuchoma kitu, usitafute mpini wenye makwaruzo. Kisu kisicho na kizuizi mbele ya mpini si cha kuchomea.

Ala na jinsi ya kubeba

Ninavyoona, nusu ya malalamiko kuhusu visu ni malalamiko kuhusu ala.

Kisu kikidondoka, pima kwanza: geuza ala mdomo chini juu ya godoro na uitikise. Kikitoka, ngozi imelegea. Kifunge kisu tabaka mbili za plastiki nyembamba, loanisha ala kwa maji ya uvuguvugu mpaka viputo viishe, chomeka kisu, kisha bana ngozi kwa vidole kuzunguka mwanzo wa mpini mpaka umbo lake lionekane nje. Acha kivulini siku nzima. Usiharakishe kwa moto wala jua kali, ngozi itasinyaa na kuwa ngumu kama gome. Ala ya plastiki ngumu inayolainika kwa joto hutibiwa kwa kupasha mdomo wake hewa ya moto kidogo tu na kuubana.

Kikibana mno, tazama kama hakuna matope au vumbi la mbao lililokauka ndani, kabla ya kupanua chochote. Mikwaruzo inayojirudia kwenye bapa nayo ni ya mchanga ulionaswa humo; ioshe ala, igonge, ikauke.

Ala inayokatwa upande wa mshono ina kasoro ya ujenzi: makali yanagusa uzi moja kwa moja. Katikati ya mshono panatakiwa ukanda wa ngozi wa kupokea makali. Hapa pana hatari ambayo watu hawaioni. Ukichomoa kisu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa umeizungusha ala yote, vidole vinne viko upande wa makali. Mshono ukiachia, vidole ndivyo vinavyofuata. Shika ala kwa bapa zake mbili tu, au sukuma mdomo wake kwa kidole gumba, na uvute kisu ukikiegemeza upande wa mgongo.

Kikikuchoma ubavuni ukiketi, ala iko juu mno au kisu ni kirefu. Ala inayoning'inia chini ya mkanda kwa kitanzi husogea yenyewe unapokaa. Anayeendesha gari siku nzima atapata raha akikilaza kisu kwa mlalo kwenye mkanda, mbele kidogo upande wa mkono usiotumika zaidi, mbali na mkanda wa usalama. Mahali pawili sipashauri: mbele kabisa ya kinena, ncha ikielekea paja lenye mishipa mikubwa, na katikati ya mgongo, ambako ukianguka chali unaangukia kitu kigumu juu ya uti. Anayekivaa shingoni aweke kamba inayokatika yenyewe ikivutwa kwa nguvu.

Kwa wanaofanya kazi juu ya ngazi au majukwaa, kamba ya kufungia kisu ni ya lazima, maana kisu kikidondoka kina mtu chini. Karibu na mashine inayozunguka kamba hiyo hiyo ni balaa, ifungue.

Watu wanashtuka ukikitoa

Mara nyingi chanzo ni urefu. Kazi za kila siku hazihitaji makali ya zaidi ya sentimita 8 hadi 10, na ala nyeupe nyangavu au kisu cha sentimita 20 kiunoni hukuletea maswali kuliko kazi. Kitoe unapohitaji, kirudishe ukimaliza kukata, na unapompa mwenzako kiweke mezani achukue mwenyewe. Mwulize msimamizi kabla ya siku ya kwanza, si baada ya mlinzi kukuuliza.

Sheria hutofautiana, na zinatenganisha kisu kinachokunjwa na kisichokunjwa kuliko watu wanavyodhani. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 inakuachia kisu kidogo cha kukunja kisichojifunga kikifunguliwa, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kisichokunjwa, hata kiwe kifupi vipi, kinahitaji sababu ya msingi ukiwa nacho hadharani. Kazi ni mojawapo ya sababu zinazotajwa na sheria yenyewe, ila inahesabika ukiwa kazini au njiani kwenda huko, si jioni ukiwa matembezini na ala ile ile mkandani kwa kuwa ulisahau kuivua. Soma sheria ya mahali ulipo. Ukisafiri kwa ndege, kisu kinaenda kwenye mzigo unaopakiwa chini, kikiwa ndani ya ala iliyofungwa kwa tepe, mkaguzi asije akajikata anapopekua.